Siku 22 Istanbul bila mbio: shajara ya maandalizi

11 Januari

Mradi umeanza leo. Nimefungua jedwali kwenye kompyuta na kulipa jina la "Stambuli", kama Shangazi anavyouita mji wa Istanbul, Uturuki. Wasafiri ni wawili. Kuna Shangazi, mwalimu mstaafu wa historia, miaka 68, goti la kulia linamsumbua. Na kuna mimi, karani wake. Safari ni yake na akiba ni yake. Mimi kanichukua kwa sababu najua kutumia simu na nina mabega ya kubebea sanduku.

Masharti yake nimeyaandika yalivyomtoka mdomoni. Wiki tatu. Mji mmoja. Nyumba moja mwanzo hadi mwisho. Asiamshwe na mtu yeyote isipokuwa mwadhini. Amewahi kwenda safari za kundi, zile za kushushwa basini, kupigwa picha na kuhesabiwa kama vifaranga, na ameapa hatarudia.

Rasimu ya kwanza nimeimaliza usiku huuhuu na nikajiona fundi. Siku ya kwanza: Ayasofya, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, Msikiti wa Sultan Ahmed, birika la maji la chini ya ardhi la Yerebatan, kasri la Topkapı. Vyote vinne viko jirani, unatoka kimoja unaingia kingine. Kufika siku ya sita, mji wote nilikuwa nimeshaumaliza. Zikabaki siku kumi na sita, nikaanza kutafuta miji mingine ya kwenda.

14 Januari

Shangazi kasoma rasimu. Alivaa miwani, akaomba kalamu nyekundu, akaandika pembeni mwa siku ya kwanza: "Tutakaa wapi?"

Nikamwambia, Shangazi, malazi yapo ukurasa wa pili.

"Sijauliza kulala, nimeuliza kukaa. Kuweka makalio chini. Naona unanipitisha tu mlango huu, mlango ule. Ngazi za Yerebatan umezihesabu?"

Sikuwa nimezihesabu. Nimezitafuta: ni vidato 52 vya mawe kushuka kwenye birika lile la mwaka 532, na ukishaona nguzo 336 na vile vichwa viwili vya mawe vya Medusa, mwanamke wa hekaya mwenye nywele za nyoka, vilivyowekwa kimoja kiubavu na kingine juu chini, unapaswa kupanda tena kurudi juani. Kwa goti lile, ukiongeza na Topkapı mchana wa siku hiyohiyo, kesho yake ni ya kulala kitandani.

Kwa hiyo jedwali limepata safu mpya iitwayo "Kikao". Kila siku ni lazima ijulikane tutakaa wapi angalau saa nzima, kivulini, bila kufukuzwa. Kitu kisicho na kikao karibu kinahamishiwa siku nyingine au kinafutwa. Siku yangu ya kwanza yenye vitu vinne imekuwa siku nne, na ile miji mingine nimeifuta.

19 Januari

Tarehe zimekubaliwa: 21 Aprili hadi 12 Mei, Jumanne hadi Jumanne. Sababu ni tatu na hazikuleta mabishano. Ramadhani itakuwa imepita na Idi ya kuchinja haijafika, kwa hiyo wenyeji wenyewe hawatakuwa barabarani kwa wingi. Joto la Julai na Agosti halijaanza. Na Aprili ndio mwezi wa maua ya tulipu, zinachanua kwenye bustani za mji mzima, bustani ya Emirgan ikiwa ndiyo mashuhuri. Tulipu zenyewe mwishoni mwa mwezi huwa zinamalizikia. Shangazi anasema atakazozikuta zinamtosha, yeye mwenyewe ni wa mwishoni.

27 Januari

Kazi ya leo ilikuwa siku za kufungwa, na ndipo nilipoona jinsi rasimu yangu ilivyokuwa imeandikwa na mtu aliyelewa usingizi. Topkapı hufungwa Jumanne. Kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, hufungwa Jumapili. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka sala ya Ijumaa iishe. Mimi nilikuwa nimeweka Topkapı siku ya Jumanne na Kapalıçarşı Jumapili, yote mawili.

Nimechora wiki kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Jumatano na Alhamisi ndizo siku za vitu vizito. Wikiendi hatugusi kitu kinachopendwa na watu wa mji wenyewe, maana Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15 na Jumapili nao hutoka kupunga upepo.

5 Februari

Mkwamo. Pasipoti ya Shangazi inaisha mwishoni mwa Juni. Nilikuwa nimehesabu kwamba tunarudi 12 Mei, basi kuna nafasi ya kutosha. Kumbe sheria ya Uturuki inataka pasipoti ibaki na siku 60 baada ya muda wa visa kwisha, na visa haiishi siku unayopanda ndege. Chukua visa ya siku 30 kuanzia 21 Aprili: inaisha 21 Mei, ongeza siku 60, unafika Julai. Kwa hesabu hiyo Shangazi angerudishwa kaunta.

Kibaya zaidi, tiketi nilishazikata wiki iliyopita kwa namba ya pasipoti ya zamani. Haraka yangu hiyo. Ameomba pasipoti mpya. Visa tutaomba ikishatoka, kwenye tovuti ya serikali ya Uturuki yenyewe, maana nimeona tovuti kadhaa zenye bendera nyekundu na mwezi mweupe ambazo ni za madalali wa kuongeza bei.

16 Februari

Nyumba. Hii imekula wiki nzima.

Istanbul imekalia Ulaya na Asia, na mlango-bahari wa Bosphorus uko katikati. Nilikuwa nimeipenda fleti moja upande wa Ulaya, "dakika nne kutoka Mnara wa Galata". Ina roshani, ina jiko, picha zake zinakufanya utake kuhamia kabisa. Shangazi akaniambia nimwonyeshe barabara. Tukafungua zile picha za mtaa za kwenye ramani, tukasimama mlangoni kwa nyumba, tukaanza kushuka kuelekea baharini. Barabara ikasogea, ikapinda, ikageuka ngazi. Shangazi akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo cha kompyuta na kuanza kuhesabu kwa sauti, kama anaita mahudhurio. Alipofika 41, jengo la mbele likaziba.

"Endelea," akasema.

"Picha imeishia hapo, Shangazi."

"Picha imeishia. Ngazi je?"

Mtu anayetafuta nyumba huko aangalie hilo kwanza kabla hajaangalia kitanda. Istanbul ni mji wa vilima, na dakika nne za mwenye nyumba ni za kushuka. Wagenoa, watu wa mji wa Genoa wa Italia, walioujenga Mnara wa Galata mwaka 1348 waliuweka juu ili waone mbali. Goti la mtu halikuwa kwenye hesabu zao. Ipo treni fupi ya chini ya ardhi, Tünel, inayopandisha watu kutoka Karaköy, kule chini karibu na maji, hadi juu tangu mwaka 1875, na kwa reli za chini ya ardhi za mijini imetanguliwa na ile ya London ya 1863 tu. Tutaipanda siku ya kwenda Galata. Lakini kuishi mahali ambapo kila mkate unahitaji treni, hapana.

Sababu ya pili ya kuiacha fleti ile ni kibali. Tangu Januari 2024, nyumba inayopangishwa watalii kwa siku 100 au pungufu lazima iwe na kibali cha wizara ya utalii, na kibao chake kiwe mlangoni. Nikamwuliza mwenye nyumba namba ya kibali. Akajibu kwa picha ya machweo. Nikauliza tena, akasema nisiwe na wasiwasi, majirani ni watu wazuri, ila tukiulizwa tuseme ni wageni wake. Mwanamke wa miaka 68 niende naye nchi ya watu kumfundisha kusema uongo ngazini? Nikafuta.

Tumehamia upande wa Asia: Kadıköy, mtaa wa Moda. Fleti ghorofa ya kwanza, lifti ipo, kibali kipo, na namba niliandikiwa kabla sijauliza. Mtaa hauko tambarare kama meza lakini miinuko yake ni ya kistaarabu, tramu ndogo inazunguka kati ya Moda na gati la Kadıköy, na ufukweni kuna bustani ndefu yenye mabenchi. Shangazi kazungusha duara jekundu kwenye neno mabenchi.

Watu niliowaambia wameshangaa: vitu vyote vya kuona viko Ulaya, nyinyi mnalala Asia? Nami nina shaka hiyohiyo.

25 Februari

Tumo kwenye mfungo, kwa hiyo vikao vya mradi ni baada ya tarawehe na ni vifupi. Lakini leo nimepata kitu.

Nilikuwa nahesabu muda wa kuvuka kutoka Kadıköy kwenda gati la Eminönü, upande wa Ulaya, kwa nia ya kuona tunapoteza kiasi gani kila siku. Feri huchukua dakika ishirini na kitu. Nikaanza kuandika kwenye safu ya "Usafiri", mkono ukasita. Feri zile zina mabenchi ya mbao nje, ubavuni, unakalia umeelekea maji. Chai inauzwa ndani, kwenye vile vigilasi vyenye kiuno. Inang'oa nanga mbele ya Haydarpaşa, stesheni ya mwanzoni mwa karne ya 20 iliyojengwa kwa ajili ya reli ya kwenda Baghdad, inapita usawa wa Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama peke yake majini, kisha mbele inafunguka rasi ya mji mkongwe: kuta za Topkapı, Ayasofya, minara sita ya Sultan Ahmed. Mtu anayelala Sultanahmet, mtaa wa hukohuko mji mkongwe, analipa ili aione picha hiyo mara moja. Sisi tutaipita kila tukienda na kila tukirudi, kwa nauli ya kadi ya basi.

Nikahamisha feri kutoka safu ya "Usafiri" kwenda safu ya "Kikao".

Shangazi, ambaye feri yoyote kwake ni pantoni, akauliza kama kuna sheria ya kushuka. Nikamwambia mkifika gati mnashuka wote, mkitaka kurudi mnagonga kadi upya. "Basi kuna siku tutagonga kadi tu," akasema. Nimeiandika kama siku kamili: tarehe 29 Aprili, pantoni.

Kutoka hapo mengine yamejipanga. Meli ya safari ndefu ya Bosphorus, inayotoka Eminönü asubuhi na kwenda hadi Anadolu Kavağı, karibu na mdomo wa Bahari Nyeusi, inasimama huko saa kadhaa kisha inarudi. Ni siku nzima ambayo mtu hutembea hatua mia tatu. Ngome ya Rumeli Hisarı, aliyoijenga Sultan Mehmed wa Pili mwaka 1452 kwa muda wa kama miezi minne ili aufunge mlango-bahari mahali ulipo mwembamba zaidi, kama mita 700, inaonekana vizuri zaidi kutoka majini kuliko kutoka kwenye ngazi zake. Shangazi amefundisha kuanguka kwa Constantinople, yaani Istanbul ya zamani, mikononi mwa Sultan huyo maisha yake yote ya kazi. Anasema siku hiyo ataongea yeye, mimi nibebe maji.

Vilevile Büyükada, kisiwa kikubwa kati ya vile wanavyoviita Adalar, yaani Visiwa. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, na mikokoteni ya farasi iliondolewa mwaka 2020, sasa kuna magari madogo ya umeme. Siku ya kazi, si wikiendi.

11 Machi

Pasipoti mpya imetoka, baada ya kuambiwa mara mbili tuje kesho. Namba kwenye tiketi imebadilishwa, visa imetoka.

Mjadala wa leo ni Ayasofya, na bado haujaisha vizuri. Jengo lilimalizika mwaka 537 kama kanisa, likawa msikiti 1453, likageuzwa makumbusho miaka ya 1930, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Kuanzia Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa yuro 25 na kupelekwa roshani ya juu; chini ni kwa wanaokwenda kusali. Sasa, nyingi ya nakshi za mosaiki zilizobaki, ile ya Yesu kati ya Mariamu na Yohana hasa, ziko juu. Na Shangazi anataka kusali chini ya kuba lile.

"Nitaingia kusali," akasema, "halafu nitoke, nilipe, nipande kama mtalii. Siku mbili tofauti. Siendi kumsujudia Mungu huku jicho langu linatafuta picha."

Nikamweleza kwamba kuba liko kwenye ukarabati, na ndani kuna jukwaa la vyuma la mafundi limepanda hadi juu. Aliwaza kidogo. Akasema jengo la karibu miaka elfu moja na mia tano lina haki ya kuuguzwa. Binafsi yuro 25 kwa kuba lililofichwa nusu zinaniuma, nimezipa alama ya kuuliza. Yeye kaifuta alama yangu.

Msikiti wa Süleymaniye haukuwa na mjadala. Kazi ya Mimar Sinan, msanifu wa masultani, ilijengwa kati ya 1550 na 1557, hakuna tiketi, na nyuma yake kuna ua wenye miti unaotazama Haliç, mkono wa bahari unaoingia mjini. Kikao hicho kimepata nyota tatu. La kukumbuka ni njia tu: ukitokea Eminönü ni mlima mtupu, ila ukipanda tramu ya T1 hadi Beyazıt unakuwa umeshafika juu, unazunguka chuo kikuu taratibu.

25 Machi

Idi imepita. Leo tumekaa na pesa.

Makosa yangu ya awali yalikuwa kuiandika bajeti kwa lira. Mfumuko wa bei kule umekuwa mkali, na bei niliyoipata kwenye maelezo ya mtu aliyekwenda mwaka juzi haifai hata kwa mzaha. Viingilio vingi vya wageni vimewekwa kwa yuro au kupandishwa mara kwa mara. Bajeti nzima sasa iko kwa yuro, na lira tutabadilisha kidogo kidogo hukohuko. Nauli ya feri na tramu inabaki kuwa jambo dogo kwenye hesabu.

Kuna kadi ya pamoja ya makumbusho, inafanya kazi siku tano tangu unapoigonga mara ya kwanza. Kila anayeandika kuhusu Istanbul anaisifu. Nimepiga hesabu: ili ilipe, ni lazima tuingie sehemu nyingi ndani ya siku hizo tano, na hata hivyo Ayasofya, Yerebatan na Dolmabahçe havimo. Inamfaa mwenye siku nne na miguu mizima. Sisi ingetutia mbioni kwa pesa yetu wenyewe. Tutalipa mlangoni, kimoja kimoja.

Yerebatan imebaki kwenye jedwali, ila peke yake kwenye siku yake. Ngazi 52 na hakuna kingine mpaka jua lizame.

3 Aprili

Hilo la jua kuzama limeleta marekebisho makubwa kuliko nilivyodhani. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake, na saa yao ni ileile ya Afrika Mashariki. Shangazi akafurahi: hatarudisha mishale nyuma. Kisha nikamwonyesha nyakati za sala za tarehe 25 Aprili. Alfajiri inaingia karibu saa kumi na nusu. Magharibi karibu saa mbili usiku. Isha, saa tatu na nusu hivi.

Akainua saa yake ya mkononi, akaitazama kama imemtukana. "Magharibi saa mbili? Sasa saa kumi na mbili jioni huko ni nini?"

"Ni alasiri, Shangazi. Watu bado wako juani."

Mtu wa kulala saa tatu, akingoja isha ya saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na nusu, hafiki wiki ya pili. Nimeingiza usingizi wa mchana kwenye jedwali, saa nane hadi saa kumi, kila siku isipokuwa ya Bosphorus na ya kisiwa. Vya kuona ni asubuhi. Jioni, ambayo kule ni ndefu ajabu, ni ya ufukwe wa Moda.

Na kitu kingine: Mei Mosi mwaka huu ni Ijumaa. Siku hiyo polisi huizingira Taksim, uwanja mkuu wa upande wa Ulaya, vituo vya treni vya karibu hufungwa na baadhi ya feri husimamishwa. Nilikuwa nimepanga tramu nyekundu ya barabara ya İstiklal, inayofika Taksim, siku hiyohiyo. Nimeihamisha. Mei Mosi tunakaa Moda, hatuvuki maji. Tarehe 23 Aprili nayo ni sikukuu ya taifa na ya watoto, ila siku hiyo tutakuwa na siku mbili tu tangu kufika, hata hivyo hatukuwa na mpango wa kwenda mbali na dirisha.

17 Aprili

Zimebaki siku nne. Hali ya mradi: nyumba imelipwa nusu, visa zimechapishwa, dawa za goti zimo kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Tutatua ule uwanja mkubwa wa ndege wa upande wa Ulaya, karibu na Bahari Nyeusi, wakati fleti iko Asia. Treni ipo, lakini kwa kubadilisha mara kadhaa na masanduku mawili. Usiku wa kwanza tutachukua basi la uwanja moja kwa moja hadi Kadıköy, halafu teksi ya kumalizia.

Kati ya siku 22, kumi na mbili zina kitu kimoja. Tatu zimeandikwa "pantoni", maana ile moja imezaa. Nyingine ni nyeupe.

Jana jioni nilimpelekea nakala ya mwisho. Kiti cha kukunja kiko tayari mlangoni, kakifunga kamba ya kuning'iniza begani. Nikamwambia Jumanne ya tarehe 5 Mei haina kitu kabisa, Topkapı siku hiyo imefungwa, lakini naweza kumtafutia jumba jingine dogo la makumbusho la karibu, au bustani, niandike nini?

Akavua miwani.

"Acha hivyohivyo. Ukiandika, utanipeleka."